Mizani imelala: jinsi ya kuuliza seva iliyoganda baada ya kubadilisha kerneli

"Dada, mizani imelala."

"Imelala au imekufa?"

"Inapumua. Taa zinawaka, feni inavuma, ila programu haifunguki."

Ilikuwa Jumatano, tarehe 7 Agosti 2019, saa 1:25 asubuhi. Karani yuko Kibaigwa kwenye ghala la mahindi, mimi niko Ipagala, Dodoma mjini, chai bado ya moto. Kesho yake ni Nane Nane, kwa hiyo kila mwenye gunia alitaka kupima siku hiyohiyo, na nyuma ya sauti yake fuso zilikuwa zinapiga honi. Usiku umeme ulikatika, asubuhi ukarudi, seva ikawaka yenyewe. UPS ya kushikilia umeme ukikatika ilikuwepo, ila betri yake ilishakufa zamani, ikabaki kigoda cha kuwekea daftari.

Kila kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayekuja kwangu kufanya field lazima nimsimulie kisa hiki, kwa sababu nilikosea karibu kila mahali pa kukosea. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye shida kama ile: seva ilikuwa nzima, ukasasisha mfumo, kerneli (kiini cha mfumo, kinachosimamia vifaa na programu) ikabadilika, na sasa kuna mchakato, yaani programu inayoendeshwa, umeganda. Haufi, haujibu, haulalamiki popote. Mimi natumia Debian, aina mojawapo ya Linux. Kwenye Ubuntu amri ni karibu zilezile.

Usikimbilie kuiwasha upya

Najua bosi amesimama mgongoni. Lakini mchakato ulioganda ni shahidi aliye hai, na ukiwasha upya umemzika. Jipe dakika tano tu za kukusanya maneno yake, halafu washa hata mara kumi.

Mimi siku ile sikuwa na namna ya kukusanya chochote, maana hata SSH, njia yangu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, haikukubali. Ping (kuiita mashine kuona kama iko mtandaoni) inajibu, SSH inakaa kimya. Hicho nacho kilikuwa kidokezo: vitu viwili visivyohusiana, programu ya mizani na huduma ya SSH, vimeganda pamoja. Ningekuwa na akili iliyotulia ningejiuliza vinachangia nini. Badala yake nikashuku waya. Programu ile niliiandika mwenyewe kwa Python, inasoma uzito kutoka kwenye mizani kupitia waya wa USB, na waya wa USB kwenye vumbi la ghala ni mtuhumiwa wa kudumu.

"Chomoa waya wa mizani, upulize, uchomeke tena."

Akafanya. Baada ya dakika kama kumi akanipigia: imeamka. Nikajisifu. Nikaenda mjini nikanunua waya mpya.

Ijumaa umeme ukakatika tena. Karani akachomoa, akapuliza, akachomeka. Wapi! Akachomoa tena. Wapi! Kisha, dakika ishirini na kitu baada ya kuwaka, ikaamka yenyewe bila kuguswa. Waya haukuwa umeponya kitu. Ulikuwa jirani tu wakati mgonjwa anapona.

Uliza kwanza: kerneli gani inaendesha, tangu lini

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na mimi nilipotea hapa. Unaposasisha kerneli, ile mpya inawekwa kwenye diski, lakini inayoendesha ni ya zamani mpaka uwashe upya. Mimi nilihamisha seva ile kutoka Debian 9 kwenda Debian 10 Jumamosi tarehe 27 Julai, kwa mbali, nikiwa nyumbani. Sikuiwasha upya, kwa sababu kulikuwa na malori kwenye foleni. Nikasema nitafanya wiki ijayo. Siku kumi na moja mambo yakaenda vizuri, nikasahau kabisa. Umeme ulipokatika, seva ikawaka na kerneli mpya kwa mara ya kwanza, na mimi kichwani mwangu "jambo lililobadilika" lilikuwa umeme.

Kwa hiyo, kabla ya kumshuku mtu yeyote:

```
uname -r
last -x reboot | head
grep -B1 -A3 linux-image /var/log/apt/history.log
```

Ya kwanza inakuambia kerneli inayoendesha sasa. Ya pili inaonyesha mashine iliwaka lini, na mara nyingi na kerneli ipi. Ya tatu inakuambia kerneli mpya iliwekwa lini. Ukiweka tarehe hizo tatu kando kwa kando, utaona kama ugonjwa ulianza kwenye kusasisha au kwenye kuwasha. Kwangu zilionyesha 4.9.0-9-amd64 mpaka usiku wa Jumanne, kisha 4.19.0-5-amd64 kuanzia Jumatano asubuhi. Ningetazama hivyo siku ya kwanza, bei ya waya ningelia nyama choma.

Jambo moja dogo: kwenye Debian 10 na za kabla yake, jarida la systemd, yaani daftari la matukio ya mfumo, hufutika kila mashine inapozimwa, isipokuwa uwe umelitengenezea folda. Fanya sasa hivi, kabla hujapata shida:

```
mkdir -p /var/log/journal
systemctl restart systemd-journald
```

Baada ya hapo `journalctl -b -1 -k` itakuonyesha kerneli ilisema nini safari iliyopita. Bila folda hiyo inabidi uchimbe `/var/log/kern.log`.

Herufi moja inayosema mengi

Ukifanikiwa kuingia wakati mchakato bado umeganda, amri ya kwanza ni hii:

```
ps -eo pid,stat,etime,wchan:32,args
```

Safu ya STAT ina herufi. Hiyo ndiyo inayoamua njia utakayoshika.

R ikiambatana na CPU inayochemka maana yake mchakato haujaganda, unazunguka. Fungua `top -H` au `perf top` uone unazungukia wapi. Z ni maiti ambaye mzazi wake hajaja kumchukua. Tatizo liko kwa mzazi. T ni kwamba mtu ameusimamisha, pengine wewe mwenyewe kwa Ctrl-Z, na usicheke, imeshanitokea.

D ndiyo inayotisha. Mchakato umeingia ndani ya kerneli kusubiri kitu, kwa kawaida diski au mtandao wa diski, na umekataa kusumbuliwa. Unapiga `kill -9` mpaka vidole vinauma, nao upo palepale. Mwaka 2021 ofisi moja ya uhasibu hapa mjini iliniita: `ls` ikiganda, `df` ikiganda, kila anayegusa folda ya pamoja anaganda naye. Safu ya WCHAN, inayotaja kile mchakato unachosubiri ndani ya kerneli, ilisema `rpc_wait_bit_killable`. Neno rpc pale linakupeleka moja kwa moja kwenye NFS, yaani folda inayokaa kwenye mashine nyingine. Nikaenda kwenye mashine hiyo nyingine. Kumbe nayo ilisasishwa, ikawaka, na huduma ya NFS haikuinuka. Waliokuwa wanalia walikuwa huku, mgonjwa alikuwa kule. Na tazama mwisho wa jina lile: killable. Mchakato wa namna hiyo unaonyesha D lakini `kill -9` inaumaliza. Kwa hiyo usikate tamaa ukiiona D tu. Soma jina la kinachosubiriwa.

Kerneli yenyewe hulalamika kwa ajili ya hao wa D wasiokubali kuuawa. Ukipita muda wa sekunde 120, kwenye `dmesg -T` utakuta mstari wenye maneno "blocked for more than 120 seconds", na chini yake orodha ya mahali mchakato ulipokwama. Lakini hulalamika mara kumi tu, kisha hunyamaza mpaka uwashe upya, hivyo ukimya wake siku ya tatu usiuchukulie kuwa ni afya. Ukitaka orodha papo hapo, kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote):

```
echo w > /proc/sysrq-trigger
dmesg -T | tail -100
```

Imebaki herufi S, usingizi wa kawaida. Hii ndiyo inayowachanganya vijana, maana karibu kila mchakato wenye afya nao ni S: unasubiri mteja. Tofauti ni kile unachosubiri. Mlinzi aliyelala getini na mlinzi aliyelala chooni wote wamelala.

Kwa S, tumia `strace -f -p` na namba ya mchakato, uone maombi unayoyapeleka kwa kerneli. Mstari wa mwisho ambao haujakamilika ndio jibu. Ukiona `accept` au `epoll_wait`, unasubiri wateja, tafuta tatizo kwingine. Ukiona `connect`, unasubiri mashine nyingine. Ukiona `futex`, uzi mmoja wa programu (thread) unasubiri mwingine aachie kufuli, na hapo tahadhari moja. Kulikuwa na kosa ndani ya kerneli, liliingia kwenye 3.14 na kurekebishwa kwenye 3.18 mwishoni mwa 2014, lililofanya uzi uliokwisha kuitwa usisikie ukiitwa. Mwaka 2015 Gil Tene wa kampuni ya Azul Systems aliwaonya watu wa Java hadharani kuwa hata Red Hat 6.6, Linux nyingine, ilikuwa nalo, kwa sababu lilinakiliwa kwenye kerneli yao ya zamani. Kioja chake ni kwamba ukiushika mchakato kwa strace, unaamka na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiona mgonjwa anapona kila unapomgusa mkono, andika hilo kwenye daftari kama dalili.

Kumbe na mimi yangu ilikuwa ya ukoo huohuo.

Anayepona daktari akifika

Jumamosi tarehe 10 nilipanda Noah kwenda Kibaigwa na monita mkobani. Tulipita Buigiri, tukapita Mbande, saa sita nikawa ghalani. Mlinzi, mzee wa Kigogo, akanisalimu kwa "Mbukwa", nikamwomba anisubiri mpaka watu watoke. Saa tisa mizani ikafungwa.

Nikachomeka monita na kibodi, nikawasha upya. Skrini ikaniomba jina. Nikaandika, nikakosea nywila, nikakosea tena, nikaingia, nikaandika `ps`. Programu ya mizani ilikuwa imeshafunguka. Haikumaliza hata dakika mbili.

Nikawasha tena. Vilevile. Mara ya tatu, vilevile.

Babu alikuwa amekaa kwenye magunia anatazama. "Mwanangu, hii inakuogopa."

Nikawasha mara ya nne, safari hii nikaweka mikono mapajani. Nikamwambia karani ajaribu kwa simu yake kila baada ya dakika moja. Dakika tano, hakuna. Dakika kumi, hakuna. Dakika ya ishirini na tatu, ikafunguka. Basi nikajua: mimi ndiye dawa. Kitu fulani katika kukaa kwangu mbele ya mashine kilikuwa kinaiponya. Lakini nitaitazamaje bila kuigusa?

Unatega mtego. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na inafaa kwa tatizo lolote linalotokea usipokuwepo. Andika faili dogo, mfano `/root/mtego.sh`:

```
#!/bin/sh
while sleep 30; do
  date
  for p in $(pgrep -f mizani.py); do
    grep State /proc/$p/status
    cat /proc/$p/syscall
    cat /proc/$p/stack
  done
  cat /proc/sys/kernel/random/entropy_avail
done >> /root/mtego.log 2>&1
```

Mstari wa entropia (kipimo cha nasibu iliyopo, nitaieleza mbele) niliuongeza baadaye. Safari ya kwanza sikuwa nao. Lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, kisha kwenye `crontab -e` ya root, ratiba ya kazi za mashine, weka:

```
@reboot /root/mtego.sh
```

Washa upya, ondoka, kanywe soda. Faili la `syscall` linaanza na namba ya ombi ambalo mchakato umeliomba kwa kerneli na haujajibiwa. Faili la `stack` linaonyesha ngazi za ndani ya kerneli, kuanzia pale mguu ulipokwama. Yote hayo unayapata bila strace na bila kuugusa mchakato.

Safari hii iliamka dakika ya kumi na saba badala ya ishirini na tatu. Mtego wenyewe, kwa kuandika kwenye diski kila nusu dakika, ulikuwa unamsaidia mgonjwa kidogo. Wakati ule sikuelewa. Nilifungua logi:

```
State: S (sleeping)
318 ...
wait_for_random_bytes
__x64_sys_getrandom
do_syscall_64
```

Nimezipunguza tarakimu zisikuchoshe. Kwenye mashine za Intel na AMD za biti 64, ombi namba 318 ni `getrandom`: mchakato unaomba namba za bahati nasibu, na kerneli imeuambia ngoja. Nikatazama upande wa kerneli:

```
dmesg | grep random
```

Mstari wa mwisho: "random: crng init done", na muda wake ni sekunde elfu moja na kitu tangu kuwaka. Dakika kumi na saba.

Chungu kisichojaa

Kerneli ina chungu cha nasibu. Inakijaza kwa mambo yasiyobashirika: muda kati ya kubonyeza kitufe kimoja na kingine, kadi ya mtandao inapopokea kitu, diski inapojibu. Programu zinazotengeneza funguo za siri huchota humo. Kwenye programu yangu kuna mstari mmoja tu, `os.urandom(32)`, wa kutengeneza ufunguo wa kuingilia, na uko juu kabisa kabla ya kufungua mlango kwa wateja. SSH nayo inachota humohumo. Ndiyo maana viliganda pamoja.

Mbona miaka ya nyuma havikuganda? Kwa sababu mambo manne yalibadilika, na mimi niliyabadilisha matatu.

Kerneli za zamani zilikuwa zinajitangaza kuwa tayari mapema mno, chungu kikiwa na vijiko vichache. Jann Horn wa Google akalionyesha hilo, likapewa namba ya kasoro za usalama, CVE-2018-1108, na Theodore Ts'o, aliyekuwa msimamizi wa sehemu hiyo ya kerneli, akalirekebisha mwaka 2018. Kuanzia hapo `getrandom` inasubiri kweli mpaka chungu kijae. Ni marekebisho sahihi, siyalaumu. Hilo ndilo lisilokuwa langu, ingawa niliyeileta kerneli hiyo ghalani ni mimi.

La pili ni Python. Ile 3.5 ya Debian 9 ikikuta chungu hakijajaa ilichota hivyohivyo na kuendelea. Kuanzia 3.6 inasubiri, na Debian 10 ina 3.7. Tunasema "kerneli imeharibu", lakini ukihamisha mfumo mzima umebadilisha vitu mamia kwa siku moja. La tatu ni OpenSSL, maktaba ya usimbaji siri, iliyopanda kutoka 1.1.0 kwenda 1.1.1, nayo ikaanza kusubiri. Hiyo ndiyo iliyoishika SSH.

La nne lilinichekesha. Mwezi Juni niliwabadilishia diski, nikatoa ile ya kuzunguka nikaweka SSD ili mambo yaende kasi. Diski ya kuzunguka huchangia chungu kwa kuchelewa kwake kusikotabirika. SSD, kwa mpangilio wa kawaida wa kerneli, haihesabiwi hivyo; kinachobaki ni michango midogo ya kawaida ya vifaa. Nimeifanya mashine iwe na kasi, nikaifukarisha. Tena prosesa yao ni ya mtumba, ya mwaka 2010, na Intel walianza kuweka amri ya kutengeneza nasibu ndani ya prosesa, RDRAND, mwaka 2012. Angalia yako:

```
grep -c rdrand /proc/cpuinfo
```

Ikijibu sifuri, uko kundi letu.

Ghalani usiku hakuna anayebonyeza, hakuna mtandao wa maana, diski ni SSD. Chungu kinajazwa kwa matone. Mimi nikifika, nikakosea nywila mara mbili, kinafurika.

Hakikisha kabla ya kutibu

Ukipata maelezo matamu namna hii ndipo uyaogope. Yajaribu kwa njia mbili tofauti.

Ya kwanza: rudi kwenye kerneli ya zamani. Wakati wa kuwaka, kwenye menyu ya GRUB (programu inayopakia kerneli), shuka kwenye mstari wa machaguo ya ziada, "Advanced options", uchague kerneli iliyotangulia. Nilichagua 4.9, nikaondoa mikono. Vishale unavyobonyeza kwenye GRUB havihesabiki, maana wakati huo kerneli bado haijapanda. Programu ikafunguka kwa sekunde chache. Python ileile mpya, OpenSSL ileile mpya, SSD ileile. Kwa hiyo hao wengine walikuwa tayari kusubiri, lakini anayewasubirisha ni kerneli mpya.

Kipimo hiki fanya kila mara, kwa tatizo lolote la namna hii, na kwa sababu hiyo usiharakishe `apt autoremove` baada ya kusasisha. Acha kerneli ya zamani kwenye diski mpaka mpya iwe imewaka angalau mara mbili bila matatizo.

Ya pili: nikarudi kwenye kerneli mpya, nikamwita babu.

"Babu, nikikwambia, bonyeza kibodi."

"Nibonyeze wapi?"

"Popote."

"Nikiharibu?"

"Huharibu, babu. Piga kama unapiga ngoma."

Akavua kofia. Akaanza kwa kidole kimoja, kisha mikono miwili, kisha kwa mdundo kabisa, na skrini ikajaa herufi zisizosomeka. Karani akapiga kelele kutoka nje: imefunguka! Sekunde arobaini na kitu tangu kuwasha. Babu akaendelea kupiga.

Dawa

Kwa mashine halisi isiyo na RDRAND, kama ile:

```
apt install haveged
systemctl enable --now haveged
```

Haveged ni huduma ndogo inayokusanya nasibu kutoka kwenye tofauti ndogondogo za muda wa prosesa na kuimimina chunguni. Nikawasha upya, mikono mapajani: programu sekunde chache, SSH papo hapo. Nikawasha mara tatu, maana mara moja nilishadanganywa na waya.

Kama seva yako ni mashine pepe, mwambie mwenye mashine mama akupe `virtio-rng`, nasibu ichotwe kutoka kwake. Kama prosesa ina RDRAND lakini kerneli yako ya 4.19 haiiamini, ongeza `random.trust_cpu=on` kwenye mstari wa kuwashia; ile ya Debian imeshawekwa hivyo. Usifanye ujanja wa kufuta `/dev/random` na kuielekeza kwenye urandom. Kwa `getrandom` haisaidii kitu, maana ombi hilo halipiti kwenye faili lolote.

Septemba 2019 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliongeza ndani ya kerneli yenyewe njia ya kujitengenezea nasibu inapokwama, ikatoka na 5.4 mwezi Novemba. Ukiwa na kerneli ya leo, ugonjwa huu hasa hautaupata kwa sura hii. Utapata mwingine, na herufi ya STAT, mtego na kerneli ya zamani vitakufaa vilevile.

Kama hujapata dawa na watu wanahitaji kazi, ishi na kerneli ya zamani kwa muda na uzuie mpya isije:

```
apt-mark hold linux-image-amd64
```

Andika kwenye karatasi tarehe uliyozuia, uibandike kwenye seva. Kerneli isiyosasishwa ni mlango usiofungwa, na nimeshakuta seva za watu zimezuiwa miaka minne, aliyezuia ameshahamia Dar. Dawa ikipatikana, `apt-mark unhold`.

Nilipofika nyumbani usiku ule nikafungua maelezo ya toleo la Debian 10. Jambo hili limo, limeandikwa wazi, na haveged imetajwa kwa jina. Yalikuwa yametoka tangu Julai pamoja na mfumo. Sikuyasoma, niliruka moja kwa moja kwenye amri za kusasisha. Sasa kijana wa field kabla hajagusa seva ya mteja ananiletea sura ya matatizo yanayojulikana, amepiga mstari kwa kalamu sehemu zinazotuhusu.

Nilimwachia karani waya mpya, nikatoa mtego kwenye crontab, nikafuta logi. Wiki iliyofuata umeme ulikatika mara mbili na sikupigiwa simu. Mara ya tatu nikapigiwa, moyo ukanipasuka. Alikuwa babu, anauliza kama bado kuna haja ya kubonyeza, maana kila umeme ukirudi yeye huingia na kupiga kwanza, kwa tahadhari.